Nguruwe wa Baba Zawadi

Kutoka Bukavu hadi Uvira nilikwenda kwa miguu, kwa sababu mwaka ule kila gari lililokuwa na injini nzima lilikuwa la watu wenye bunduki. Nilishuka mlima wa Ngomo nikiwa na viatu viwili, nikafika Kamanyola na kimoja, na tambarare yote ya Ruzizi nikaikanyaga peku. Huko chini joto halitoki juani tu. Linatoka pia ardhini, linapanda ndani ya suruali na kukaa mapajani pamoja na jasho. Katogota wakulima fulani waliniruhusu nilale kwenye ghala lao, juu ya magunia matupu ya mpunga. Panya walinipita usoni bila haya, na asubuhi mama wa nyumba alinipa muhogo wa kuchemsha ambao kwa heshima alikuwa ameukata upande wenye alama za meno yao. Niliula. Kuanzia Sange nilikutana na watu waliotoka nilikokuwa ninakwenda, wamebeba magodoro na masufuria. Mzee mmoja aliyekuwa akivuta mbuzi alisimama akanitazama. "Weye kijana, uko naenda wapi?" Nikamjibu, Uvira, kwa shangazi. "Benye Uvira iko natoka, weye ndio unaingia? Walikuroga?" Kiliba nilivunja muwa, nikautafuna mpaka ulimi ukachanika, na kwa ulimi huo wenye damu na sukari ndivyo nilivyoingia mjini.

Nayaandika haya kwa sababu Riziki, binti wa shangazi yangu, alinipigia simu nikiwa Mpulungu, mwisho wa kusini wa ziwa, kwenye chumba cha kupanga kinachonuka samaki, akaniambia mama yake amekufa na wameshamzika. Nimeishi karibu katika kila bandari ya ziwa hili, na hakuna hata moja ambako nimekaa muda wa kutosha kula tunda la mti nilioupanda mwenyewe. Nikamuuliza kama bado wanalima ile bustani ya nyuma. "Pale tulijenga choo," akasema. Nikaona ni sawa kabisa. Kama kuna kipande cha ardhi duniani kinachostahili choo, ni kile.

Nyumba ya shangazi ilikuwa Kalundu, pembeni mwa Uvira, kwenye mwinuko juu ya bandari. Ilikuwa na sebule, chumba alicholala yeye na Riziki, na chumba cha nyuma chenye dirisha dogo, ambamo mumewe aliweka kamba zake na koti la kazi. Nilipobisha, alifungua, akatazama kwanza miguu yangu, kisha uso. "Umekula?" Nikasema hapana. "Basi ingia ukule. Kisha nitakuonyesha adui." Nilidhani anasema juu ya askari. Akanipa bugali na lengalenga zilizochemshwa bila mafuta, na kila jani lilikuwa na matundu kama kitambaa kilichoungua kwa cheche. Chakula cha nyumba ile kilikuwa kimeliwa nusu kabla hakijaingia chunguni. Riziki, aliyekuwa na mimba kubwa na asiyetaka kuulizwa juu ya mwanaume wake, alikaa ukutani akinihesabia matonge kwa macho. Ndiye aliyeniambia, mama yake alipotoka kuchota maji, kwamba baba yake hayupo. Askari walipoanza kukamata wanaume ili wabebe risasi milimani, Baba Riziki na jirani yao Baba Zawadi, wote wapakuzi wa bandarini, walipanda mtumbwi mmoja kuelekea Ubwari, rasi iliyoko kusini. Mke wa Baba Zawadi na watoto walikuwa wamevuka zamani kwenda Burundi. "Walisema watarudi kukitulia," Riziki akanong'ona. "Kwa hiyo usiulize. Ukimuuliza, hatalala."

Adui alikuwa kwenye bustani. Ilikuwa nyuma ya nyumba, inateremka mpaka kwenye korongo, na shangazi alikuwa amepanda kila kitu kinachoweza kuliwa haraka: lengalenga, kabichi, nyanya, bilinganya zile ndogo chungu, matembele, maboga. Sokoni hakukuwa na kitu, na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, wakipatikana waliliwa na wenye bunduki. Kwa hiyo bustani ile ndiyo ilikuwa bugali yetu, mboga yetu na dawa ya mimba ya Riziki, na kila kilichokuwa na mdomo katika Kalundu kilijua hivyo. Viwavi wa kabichi walikuwa wa kijani, laini, wenye baridi ya kamasi. Niliwaokota kila asubuhi kwa vidole na kuwatia kwenye kopo la maji ya majivu, na ukimminya mmoja bahati mbaya alitoa ute uleule wa kijani ambao jioni ungeukuta kwenye sahani yako. Konokono waliacha njia zao za mate juu ya nyanya. Fuko walivuta matembele kutoka chini, unaona jani linazama ardhini mbele ya macho yako. Shangazi alikuwa na dawa ya viwavi aliyofundishwa na mama yake: unawakusanya viwavi wenyewe, unawaponda kwenye kinu na pilipili na mkojo wa siku kadhaa, unaacha uoze, kisha unanyunyizia mimea kwa ufagio. Mpondaji nilikuwa mimi. Nilijifunza kupumua kwa mdomo, mpaka nikagundua kwamba kwa mdomo unaionja. "Unatapikia kabichi zangu," shangazi aliniambia. "Tapikia kule kwa nyanya, zinahitaji mbolea." Sikuona kama ni utani. Lakini dawa ilifanya kazi, kabichi zikafunga vichwa, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikamsikia Riziki akiimba.

Ndipo akaja nguruwe. Alikuwa jike la Baba Zawadi, mweupe mwenye mabaka meusi, aliyebaki wakati wenyewe walipokimbia, akaanza kujitafutia korongoni. Lazima niseme jambo juu ya lile korongo. Baada ya mapigano hakuna aliyeteremka kule. Upepo ukigeuka tulifunga dirisha. Nguruwe na mbwa wa mji walikuwa wananenepa katika mwaka ambao watu walikuwa wakikonda, na kila mtu alijua sababu, na hakuna aliyeitamka. Asubuhi moja nilitoka na kopo langu la viwavi nikamkuta amelala katikati ya kabichi, ubavu juu, anatafuna kwa utulivu, na kwenye pua yake kumeganda tope ambalo sikutaka kujua ni tope la nini. Vichwa vya kabichi vilikuwa vimepasuliwa. Maboga yalikuwa yamefukuliwa na mashina yake. Nilichukua jembe. Shangazi alinikuta nimeliinua.

"Weka chini!" akapiga kelele. "Weka chini, Byamungu! Iko ya muntu!"

Pale kwetu mnyama wa mtu akiingia shambani mwako humpigi. Unamfunga kamba, unamweka mbele ya mlango wako, unaning'iniza hapo ile mimea aliyoiharibu ili iwe ushahidi, na unamngoja mwenyewe. Mwenyewe atakuja, atakaa chini, atapewa maji, ataomba msamaha kwa kila mmea ukitajwa, ataleta kuku au atakulimia, na mtaachana mkiwa majirani. Mpaka siku hiyo, kumlisha ni juu yako. Akifa mikononi mwako, kosa limegeuka, wewe sasa ndiye wa kuomba msamaha. Ni desturi nzuri. Mimi mwenyewe nimeiona ikizuia mapanga. Lakini imetengenezwa kwa ajili ya mahali ambapo mwenye mnyama yuko nyuma ya ua, anasikia kelele na kuvaa viatu aje. Haikutengenezwa kwa ajili ya mtu aliyepanda mtumbwi kwenda Ubwari.

Tulimfunga mlangoni kwa kamba ya kazi ya Baba Riziki. Shangazi aliokota kabichi zilizochanwa, akazifunga kitita na mashina ya maboga, akazitundika juu ya mlango. Baada ya muda mfupi zilianza kuteremsha maji meusi, kisha funza, na funza walidondoka juu ya kizingiti, kwenye nywele za aliyeingia, siku moja ndani ya chungu kilichokuwa kinapita. Nikataka kuzitupa. "Baba Zawadi akikuja, nitamuonyesha nini?" shangazi akauliza. "Nitamuonyesha hewa?" Na nguruwe ilibidi ale. Alikula maganda ya muhogo, vichwa vya ndagala, kisha matembele, kisha zile lengalenga zilizosalimika, ambazo mimi niliziokotea viwavi jani kwa jani ili zimfikie yeye. Riziki alijifungua mtoto wa kike kwenye kile chumba chao, bila mkunga, shangazi akimshika mgongo, na maziwa yake yakatoka machache na mepesi. Alihitaji mboga. Mboga ilikuwa inatafunwa mlangoni, unaisikia.

Mama Feza, jirani wa upande wa chini, alikuja kumwona mtoto na akakaa akitazama nguruwe zaidi. Alikuwa mwanamke wa maneno, mwenye meno machache na hamu kubwa. "Mama Riziki, minye nauliza tu. Hii mugeni yako atakaa mpaka lini? Maana naona ananenepa kuliko muzazi."

"Atakaa mpaka mwenyewe arudi."

"Na kama mwenyewe ameshaliwa na samaki?"

Shangazi alikuwa anachambua matembele. Mikono yake ilisimama. "Mama Feza," akasema polepole, "hao bantu wawili walipanda mutumbwi moja. Ukisema moja ameliwa na samaki, umesema na mwingine. Sasa sema tena. Sema, nisikie vizuri."

Mama Feza aligeukia mtoto. Lakini mimi, niliyekuwa nimekaa pembeni na kinu changu kinachonuka, ndipo nilipoelewa kile tulichokuwa tunalisha. Kumchinja nguruwe wa Baba Zawadi ilikuwa ni kusema kwamba Baba Zawadi hatarudi, na kwamba mtumbwi ule haukufika. Shangazi angeweza kutuona tukikonda. Hilo la mtumbwi hakuweza kulisema.

Kisha askari walianza kupita nyumba kwa nyumba wakitafuta nyama na vijana wa kubeba mizigo. Nyumba yetu ilikuwa na vyote viwili. Shangazi hakufikiri hata dakika. Alimfungua nguruwe mlangoni, akamvuta kupita sebuleni, kupita kitanda cha mzazi, akamwingiza kwenye chumba cha nyuma, nilimokuwa ninalala mimi, na mbele ya mlango huo akasukuma kabati. Kuanzia hapo niliishi na nguruwe. Nimelala katika meli za makaa, kwenye stendi za magari, chini ya meza za wauza nyama, lakini sijawahi kulala mahali kama pale. Sakafu ya udongo ililowa ikawa uji. Mkojo wake ulipanda ukutani, ukaingia kwenye mkeka, kwenye shati, kwenye lile koti la Baba Riziki lililoning'inia msumarini. Viroboto walihamia kwangu bila kumwacha yeye. Askari walipokaribia, Riziki alipiga sufuria mara mbili kama anayekung'uta majivu, na mimi nilimkumbatia yule nguruwe na kumbana pua kwa viganja vyangu vyote, uso wangu juu ya shingo yake yenye manyoya magumu, tukiwa tunavuta pumzi moja. Pumzi yake ilinuka lile korongo. Kila mara niliposikia viatu sebuleni na sauti ikiuliza, "Mama, wanaume wako wapi?" na shangazi akijibu, "Munawauliza minye? Si ninyi ndio muliwafukuza?" nilihisi moyo wa mnyama ukipiga kwenye kifua changu na sikuweza kujua upi ni wangu. Harufu ilitusaidia. Askari mmoja aliwahi kuuliza mbona panavunda, na shangazi akamwonyesha Riziki aliyelala na mtoto: "Uzazi umeoza. Ingia umwangalie, kama weye ni daktari." Akatoka akitema mate.

Siku ile nilipotoka mafichoni nilimwambia shangazi kwamba nimechoka. Nilisema mbele ya Riziki, kwa sauti ya mtu mzima, ya kwanza niliyowahi kumtolea. Nikasema tunamlisha mwizi. Nikasema mtoto analia njaa, na kwamba yule mnyama amekula watu, na sisi tunampa matembele ili asahau ladha. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho. "Umemaliza?" akauliza. "Ndiyo." "Shika ufagio basi, uende ukaondoe mavi yake. Baba Zawadi asikute tumemuweka muchafu." Riziki alianza kucheka, akacheka mpaka akashika tumbo, kisha kicheko kikageuka kilio, na mtoto naye akaanza. Nilikwenda nikaondoa mavi.

Baba Zawadi alirudi mvua zilipoanza, mchana kweupe, akipanda ule mwinuko kutoka bandarini peke yake. Nilimwona kwanza kupitia dirisha dogo: mtu mrefu, mifupa mitupu, amevaa gauni la kike juu ya suruali kwa sababu shati hakuwa nalo. Hakupitia kwake. Alikuja moja kwa moja kwenye mlango wa shangazi, akatazama kile kitita kilichotundikwa, ambacho kwa wakati ule kilikuwa vijiti vyeusi tu, akaelewa, akakaa chini kwenye kizingiti. Shangazi alitoka na kikombe cha maji. Alimpa. Aliangalia nyuma ya mgongo wake, kule njiani, mara moja tu. Kisha naye akakaa.

"Mama Riziki," Baba Zawadi akasema, "nimekuja kuomba kosa. Nguruwe yangu iliingia kwako."

"Iliingia."

"Ilikula nini?"

"Kabichi. Vichwa vyote vya upande wa juu."

"Naomba musamaha ya kabichi."

"Nimesamehe."

"Tena?"

"Maboga."

"Naomba musamaha ya maboga."

Riziki alikuwa amesimama nyuma ya mama yake na mtoto kifuani, na mimi nilikuwa nimesogeza kabati na kutoka, nikinuka kama nilivyonuka. Walikwenda mmea kwa mmea. Nyanya. Bilinganya. Matembele. Baada ya vile vilivyoliwa siku ile ya kwanza, shangazi alianza kutaja vile tulivyomlisha wenyewe, ambavyo kwa desturi havitajwi, na Baba Zawadi akaviombea msamaha pia, sauti yake ikishuka kila mara. Alitaja lengalenga. Alitaja maganda ya muhogo. Nilimwona shangazi akitafuta mmea mwingine wa kutaja, macho yanazunguka kwenye ile bustani iliyobaki matuta matupu, kama mtu anayepapasa mfukoni. Baba Zawadi naye alikuwa anangoja kwa hamu autaje. Wote wawili walitaka bustani ile iwe kubwa zaidi. Mwishowe mimea ikaisha.

"Na mwenzako?" shangazi akauliza.

Baba Zawadi aliweka kikombe chini. Alisema mtumbwi ulifika Ubwari salama, na kwamba huko Baba Riziki alishikwa na kuhara, watu wengi wakiwa wameshikwa, na maji hayakukaa mwilini mwake. Alisema alimzika mwenyewe, juu kidogo ya ufuo, mahali ambapo viboko hawafiki. Shati lake mwenyewe alimzikia nalo. Shangazi hakulia. Aliuliza tu kama ilikuwa zamani, na Baba Zawadi akasema ndiyo, zamani, mwanzoni kabisa. Ilikuwa kabla sijafika kutoka Bukavu. Kabla ya kabichi kufunga vichwa.

Akasema nguruwe achinjwe kwa ajili ya kilio. Shangazi akakataa, akasema ni mali yake. "Ilikuwa yangu," akajibu. "Umeilisha kuliko minye." Wakamchinja pale pale nyuma, kwenye matuta. Nilikuwa nimeota kazi ile kwa miezi, nimemchinja usingizini kwa kila namna, na ilipofika nilishika miguu ya nyuma na kugeuza uso. Watu walikuja. Sijui walitoka wapi, mji ulikuwa mtupu, lakini harufu ya mafuta ilipopanda walijaa uani, wakaimba nyimbo za kilio huku macho yao yakiwa kwenye sufuria. Mama Feza alilia kwa sauti kuliko wote na kula kuliko wote, mafuta yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko, akiyalamba. Hakuna aliyekumbuka korongo. Au kila mtu alilikumbuka, akatafuna. Walimpelekea shangazi sahani ndani, akiwa amekaa mkekani na wanawake. Aliitazama muda mrefu. Kisha alitia kipande mdomoni, akatafuna polepole, akameza, na ndipo ilipotoka ile sauti, sauti ambayo alikuwa ameifungia ndani pamoja na yule mnyama miezi yote. Nami nilikula. Nilikula ini, kwa sababu ndilo nililopewa, na nilirudi kuomba jingine, na likanikaa vizuri tumboni. Nimejaribu kulitapika tangu wakati huo.

Niliondoka siku walipovunja kilio. Kulikuwa na mashua ya mizigo iliyokuwa inakwenda Kigoma, na Baba Zawadi alimjua nahodha. Shangazi hakunisindikiza bandarini. Alikuwa kwenye kile chumba cha nyuma, amefungua dirisha, anakwangua sakafu kwa jembe na kutupa nje tabaka la udongo lililooza, magoti yake yamezama kwenye uchafu. Nilisimama mlangoni na kifurushi changu. Nilikuwa nimepanga maneno. Alijua ni maneno gani, kwa sababu aliinua mkono wenye tope kabla sijafungua mdomo.

"Usiseme utarudi," akasema. "Nakuomba, Byamungu. Ukienda, enda kabisa. Minye siwezi tena kungoja muntu."

Nilisimama pale nikiwa na yale maneno mdomoni. Kisha nikayameza, nikasema, "Ndiyo, shangazi," naye akainama tena kwenye sakafu yake. Nilishuka mpaka ufukweni. Nimetii.